Polisemia ya Kitenzi "Piga" katika Mazungumzo ya Biashara: Mfano wa Buguruni na Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana za kitenzi "piga" kama kinavyotumika katika mazungumzo ya sokoni, dukani na vituoni, katika maeneo ya Buguruni na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hoja inayojengwa ni kwamba maana ya kitenzi hiki haikai ndani ya kitenzi peke yake. Huteuliwa na nomino inayokifuata, na nomino hiyo inapodondoshwa, umbo la kitenzi lenyewe ndilo huchukua kazi ya kuteua maana. Udondoshaji huo unasaidia kueleza matumizi ya "kupigwa", "mpigaji" na "upigaji" kwa maana ya ulaghai. Makala yanabainisha vigezo vya kisarufi vinavyotenganisha kipigo cha mwili na hasara ya mali, kisha yanajadili umuhimu wa vigezo hivyo kwa wanaoandika maelezo ya mashahidi, wanaotunga kamusi na wanaofundisha lugha.

1.0 Utangulizi

Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala, mahali inapokutana Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela. Barabara ya Uhuru huiunganisha kata hiyo na Ilala pamoja na Kariakoo, ambako ndiko kitovu cha biashara ya jumla na rejareja nchini Tanzania. Kwa sababu hiyo, lugha ya maeneo haya mawili huenda na kurudi pamoja na abiria, wachuuzi, makuli, mafundi na madereva. Neno linalozaliwa asubuhi kwenye duka la simu Kariakoo linaweza kusikika jioni kwenye genge la nyanya Buguruni.

Katika mazingira hayo, kitenzi "piga" husikika mara nyingi katika mazungumzo ya dakika chache. Mpigadebe anaita abiria, dereva anapigwa faini, mwenye genge anapiga hesabu ya mauzo, fundi anapiga pasi suruali aliyoishona, na mnunuzi aliyeuziwa simu isiyowaka analalamika kwamba amepigwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeguswa kwa fimbo au ngumi. Hata hivyo, wote wanaelewana bila kuulizana.

Swali linaloongoza makala haya ni jinsi maelewano hayo yanavyopatikana. Swali hilo lina upande wa nadharia na upande wa maisha. Kwa upande wa nadharia, linahusu mahali maana inapokaa: katika neno au katika muundo. Kwa upande wa maisha, linahusu kile kinachotokea pale kauli fupi kama "nimepigwa" inapotoka sokoni na kuingia katika maandishi ambayo msomaji wake hakuwapo wakati inatamkwa.

2.0 Polisemia na kitenzi chepesi

Wanasemantiki hutofautisha polisemia na homonimia. Katika homonimia, maneno mawili au zaidi yasiyohusiana kimaana hufanana kwa umbo, kama ilivyo kwa "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na "kaa" kitako. Katika polisemia, neno moja hubeba maana nyingi zenye uhusiano. "Piga" ni la kundi la pili. Maana yake ya msingi ni kukutanisha kitu na kingine kwa nguvu na kwa ghafla, tendo ambalo huacha athari. Sifa nne zimo ndani ya maana hiyo: mguso, nguvu, ghafla na athari. Maana nyingine huchukua baadhi ya sifa hizo na kuziacha nyingine. Katika "piga kengele" sifa zote nne zipo. Katika "piga marufuku" mguso umetoweka, lakini athari imebaki, tena ni athari ya kukata shauri.

George Lakoff na Mark Johnson, katika kazi yao ya mwaka 1980, walieleza kwamba binadamu huyaelewa mambo dhahania kwa kuazima tajiriba za mwili. Maelezo hayo yanasaidia kuonesha kwa nini tendo la mkono limeweza kufika kwenye sheria, fedha na mawazo. Hata hivyo, sitiari pekee haitoshi. Haielezi kwa nini Kiswahili husema "piga simu" na "piga pasi" lakini hakisemi "piga barua" kwa maana ya kuandika barua.

Dhana inayojaza pengo hilo ni ya kitenzi chepesi, istilahi inayohusishwa na mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen. Kitenzi chepesi ni kile kilichopoteza sehemu kubwa ya uzito wake wa kimaana na kubaki na kazi ya kuigeuza nomino kuwa tendo. Nomino hutoa maana, nacho kitenzi hutoa nafsi, wakati na hali. Jambo hili si la Kiswahili pekee. Kiajemi nacho hutumia kitenzi chake cha kupiga, "zadan", pamoja na nomino kueleza matendo yasiyo ya kipigo, yakiwemo ya kupiga simu.

Watunga kamusi waliliona jambo hili mapema. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, huweka chini ya kidahizo hiki mafungu mengi ya kitenzi na nomino. Orodha ya namna hiyo inaonesha wingi wa maana, lakini haimwoneshi msomaji kanuni inayoziunganisha.

3.0 Nomino kama mteuzi wa maana

Mafungu yanayotumika sana yanaweza kugawanywa katika makundi manne kulingana na nomino inayofuata kitenzi.

Kundi la kwanza ni la vifaa. Nomino hutaja chombo, na fungu zima hutaja kazi ya chombo hicho: piga pasi, piga randa, piga mswaki, piga deki, piga muhuri, piga jeki. Msikilizaji akishakijua chombo, hahitaji kufundishwa kitenzi.

Kundi la pili ni la sauti: piga kelele, piga mluzi, piga honi, piga hodi, piga gitaa. Hapa mguso unaweza kuwapo au usiwepo. Anayepiga mluzi hagusi chochote kwa mkono, ila sauti hutoka ghafla na kumfikia msikilizaji.

Kundi la tatu ni la mkao na mwendo wa mwili: piga magoti, piga mbizi, piga hatua, piga kona, piga chenga. Katika kundi hili mtendaji na mtendwa huweza kuwa mtu mmoja.

Kundi la nne ni la matendo ya kijamii: piga kura, piga marufuku, piga mnada, piga chapa. Haya ni matendo ambayo jamii huyatambua kuwa yamekamilika baada ya utaratibu fulani. Aliyepiga kura hawezi kuirudisha.

Makundi haya yanaonesha pia kwamba "piga" ni mlango ambao nomino za kigeni hupitia ili zitumike kama matendo. "Simu" ilitoka katika neno la Kiajemi la waya, "kura" ilitoka katika Kiarabu, nayo "picha" na "jeki" zilitoka katika Kiingereza. Kiswahili hakikulazimika kuunda kitenzi kipya kwa kila mojawapo.

Hapa ndipo ugumu wa tafsiri unapoonekana. Kiingereza hutumia kitenzi "take" kwa picha, "make" kwa simu na "cast" kwa kura. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo nacho kina maana nyingi, na maana hizo hazipangwi kwa mpangilio wa maana za "piga". Anayetafsiri kitenzi kwa kitenzi atapotea. Anayetafsiri fungu kwa fungu atafika.

4.0 "Piga" katika lugha ya biashara

Biashara ya Buguruni na Kariakoo imeongeza mafungu mengine, na kuyapa yale ya zamani maana mpya. Mifano ifuatayo ni ya matumizi ya kawaida.

(1) Mwenye duka anapiga hesabu.
(2) Wapigadebe wamejaa kituoni.
(3) Simu yake ameipiga bei.
(4) Rafiki yangu amenipiga mzinga.
(5) Kijana anapiga hela.

Mfano (1) ni Kiswahili cha mahali pote. Mfano (2) una historia inayoonekana katika maneno yenyewe. Debe ni chombo cha bati chenye ujazo unaokaribia lita 20, kinachotumika sokoni kupimia nafaka, na ambacho kikigongwa hutoa sauti ya kuita watu. Leo "kupiga debe" ni kunadi mtu, bidhaa au gari bila debe lolote kuwapo. Mwanasiasa hupigiwa debe kama daladala inavyopigiwa debe. Kifaa kimetoweka, ila wito umebaki.

Katika mfano (3), "kupiga bei" ni kuuza, hasa kuuza kwa haraka kitu ambacho mwenyewe alikuwa akikitumia. Sifa ya ghafla ndiyo iliyobebwa. Katika mfano (4), fungu lililokuwa likimaanisha kufyatua mzinga limechukua maana ya kumwomba mtu fedha bila yeye kutarajia. Anayeombwa hushtuka kama aliyesikia mlio.

Mfano (5) unahitaji uangalifu zaidi. "Kupiga hela" ni kupata fedha nyingi, na kauli hiyo haisemi kama fedha hizo ni halali. Hutolewa kwa sifa kwa mchuuzi hodari, na hutolewa kwa kunong'ona kwa karani anayejinufaisha na makusanyo. Katika fungu hili nomino haitaji tena chombo wala sauti. Inataja kile mtendaji anachokipata. Mabadiliko hayo ndiyo yanayofungua njia ya maana inayojadiliwa katika sehemu inayofuata.

5.0 Nomino inapodondoshwa

Iwapo nomino ndiyo inayoteua maana, ingetarajiwa kwamba ikidondoshwa kitenzi kitarudi kwenye maana yake ya msingi. Mara nyingine hurudi: "mwalimu alimpiga" ni kipigo. Lakini katika maumbo kadhaa hairudi. Umbo la kitenzi lenyewe hukumbusha nomino isiyotamkwa.

Umbo la kwanza ni la kauli ya kutendea. "Nipigie kesho" humaanisha simu, wala hakuna anayeuliza apigiwe nini. Umbo la pili ni la kauli ya kutendeka. "Amepigika" katika lugha ya mitaani ni mtu aliyeishiwa na kuchakazwa na maisha. Umbo la tatu ni la kauli ya kutendwa:

(6) Nimepigwa.
(7) Nimepigwa laki mbili.
(8) Nimepigwa ngumi mbili.

Mifano (7) na (8) ina muundo mmoja: mtendwa, kitenzi katika kauli ya kutendwa, nomino na idadi. Tofauti ni kwamba ngumi inataja kilichomfikia mtendwa, ilhali laki mbili inataja kilichomtoka. Muundo huu haukuanzia mtaani. Kiswahili kilikuwa tayari na "kupigwa picha", "kupigwa chenga", "kupigwa faini" na "kupigwa changa la macho". Katika mafungu haya yote, mtu hutajwa kama aliyefikwa na jambo, na nomino hutaja jambo lenyewe. Faini ni daraja muhimu, kwa kuwa ndani yake fedha hutoka kwa mtendwa bila ridhaa yake, ingawa kwa mujibu wa sheria. Changa la macho ni daraja la pili, kwa kuwa linataja hila. Fedha na hila zikiungana, na nomino ikaachwa, kinachobaki ni mfano (6), ambao Kariakoo hueleweka mara nyingi kuwa "nimelaghaiwa".

Tofauti kati ya kauli ya kutendwa na ile ya kutendewa inastahili kutajwa hapa, kwa kuwa ni silabi moja tu. "Nimepigiwa" ni simu. "Nimepigwa" ni hasara. Katika ulaghai unaofanywa kwa simu, kauli hizi mbili hufuatana: mtu hupigiwa kwanza, kisha hupigwa.

Umbo la nne ni la nomino ya mtendaji. Kiswahili kina njia mbili za kuiunda. Njia ya kwanza huishia na irabu "a" na huhitaji kijalizo: mpiga picha, mpiga kura, mpiga ramli. Hata methali isemayo kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe haiwezi kuanza kwa "mpiga" na kukomea hapo. Njia ya pili huishia na "ji", nayo huweza kusimama peke yake: mpigaji. Matokeo yake ni mgawanyo wa kuvutia. Penye nomino, mtendaji ni mtu wa kazi inayojulikana. Serikali yenyewe ina Mpigachapa Mkuu. Pasipo nomino, "mpigaji" katika mazungumzo ya biashara na siasa ni mlaghai au mbadhirifu, isipokuwa muktadha unapotaja simu au ala ya muziki. "Upigaji" nao umekuwa jina la ubadhirifu wa fedha za umma katika magazeti na katika mijadala ya kisiasa.

6.0 Vigezo vya kutenganisha maana

Kutokana na uchambuzi huu, vigezo vinne vinaweza kumsaidia mchambuzi anayekutana na "pigwa" isiyo na nomino.

Kigezo cha kwanza ni kijalizo cha kiasi. Kiasi cha fedha huelekeza kwenye hasara. Idadi ya mapigo huelekeza kwenye mwili. Kigezo hiki hakitenganishi faini na ulaghai, kwa kuwa "amepigwa elfu thelathini" inaweza kuwa kauli kuhusu askari wa barabarani au kuhusu tapeli.

Kigezo cha pili ni cha mahali. "Amepigwa kichwani" ni mwili, "amepigwa kwenye simu" ni biashara. Kiambishi "ni" kilichoshikamana na kiungo cha mwili huondoa shaka.

Kigezo cha tatu ni cha mnyambuliko. Kauli ya kutendana, "wamepigana", kwa kawaida hubaki kwenye ugomvi wa mwili. Mteja na winga waliodanganyana hawasemwi kuwa wamepigana. Kwa hiyo, kauli inayokubali kugeuzwa kuwa "pigana" bila kupoteza maana yake ni ya kipigo.

Kigezo cha nne ni mtendaji anayeletwa na "na". Kigezo hiki ni dhaifu kuliko vingine. "Amepigwa na vibaka" na "amepigwa na winga" huacha milango yote miwili wazi, ilhali "amepigwa na butwaa" haina mtendaji kabisa. Hivyo, kutaja mtendaji hakumalizi utata.

7.0 Umuhimu wa uchambuzi huu

7.1 Katika maelezo ya mashahidi

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, hutenganisha kosa la shambulio na kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Makosa hayo huthibitishwa kwa ushahidi tofauti. La kwanza huhitaji kuonesha kitendo dhidi ya mwili. La pili huhitaji kuonesha uongo uliosemwa na mali iliyotolewa kwa sababu ya uongo huo. Mlalamikaji anayesema "kanipiga yule, hela yote imeisha" amesema jambo ambalo linaweza kuwa la kwanza, la pili, au yote mawili.

Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu yake, kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi hata pale shahidi alipozungumza Kiswahili. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mabadiliko hayo yanapunguza hatari ya kupotosha wakati wa kutafsiri, lakini hayaondoi utata uliomo ndani ya Kiswahili chenyewe. Pengine yanauficha, kwa kuwa mwandishi asiyelazimika kutafsiri halazimiki pia kuuliza "alikupiga nini?". Swali hilo fupi ndilo linalorudisha nomino iliyodondoshwa, na kwa hiyo ndilo linalorudisha maana.

7.2 Katika kutaja uovu kwa jina lake

Kauli ya kutendwa humweka mbele aliyeumia na kumficha aliyeumiza. "Nimepigwa" husemwa mara nyingi kwa kicheko kidogo, kana kwamba msemaji amefungwa goli katika mchezo ambao alipaswa kuujua. Anayesema "ameniibia" anamshtaki mtu. Anayesema "nimepigwa" anajilaumu nusu. Vivyo hivyo, "upigaji" una wepesi ambao "wizi" hauna. Neno linalotokana na kitenzi kinachotumika kwa pasi, simu na picha haliogopeshi kama neno la jinai. Uchambuzi wa polisemia, kwa hiyo, unagusa namna jamii inavyoupima uzito wa kosa kabla ya kulihukumu.

7.3 Katika kamusi na ufundishaji

Kamusi inayoorodhesha mafungu bila kuyapanga humlazimu msomaji kukariri. Inapendekezwa kwamba kidahizo "piga" kigawanywe kwa kufuata aina ya nomino, kisha maumbo yanayodondosha nomino yapewe nafasi yake: "pigia" kwa simu, "pigika" kwa kuishiwa, "pigwa" kwa hasara, "mpigaji" na "upigaji" kwa ulaghai. Maumbo ya mitaani yawekewe alama ya mtindo, lakini yasiachwe nje kwa sababu tu ya kuwa ya mitaani.

Umuhimu wa mpangilio huo unaonekana ndani ya Buguruni yenyewe, ambako ipo shule ya msingi ya wanafunzi viziwi. Mwanafunzi kiziwi hukutana na Kiswahili kwa sehemu kubwa kupitia maandishi. Mazungumzo ya gengeni, yanayomfundisha mtoto anayesikia kwamba "kupiga deki" hakuna ugomvi, hayamfikii kwa njia ileile. Kwake, kamusi iliyopangwa kwa kanuni inaweza kufanya kazi ambayo kwa wengine hufanywa na sikio.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba wingi wa maana za "piga" una mpangilio. Penye nomino, nomino ndiyo inayotawala. Pasipo nomino, mnyambuliko huchukua utawala huo: kutendea huleta simu, kutendeka huleta dhiki, kutendwa huleta hasara, na nomino ya mtendaji isiyo na kijalizo huleta ulaghai. Biashara ya Buguruni na Kariakoo haikuvunja sarufi ya Kiswahili katika kuzalisha maana hizi. Ilitumia muundo uliokuwapo katika "kupigwa faini" na "kupigwa chenga", ikauendeleza. Tafiti zijazo zinaweza kulinganisha mwenendo huu na ule wa vitenzi vingine vinavyodondosha nomino, hususani "kula", "kata" na "toa", ili kubaini kama kanuni iliyoelezwa hapa ni ya kitenzi kimoja au ni ya kundi zima la vitenzi vyepesi vya Kiswahili.